Bulusta

Nyafwono alifika kabla sijamaliza uji,
gazeti kalifunga kwenye pindo la kitenge
pamoja na noti ya elfu mbili.
"Wewe uliyeandika barua za Reli miaka thelathini,
nisomee hili. Wamelipachika karibu na jina la mwanangu."

Herufi saba.
Kidole chake, kingali na magamba ya mukene,
kilifunika tatu.
*Oketcho wa Tororo,* lilisema gazeti, *ni bluster tupu.*
Akalisoma mwenyewe: bulusta.
Likasikika kama dawa ya kupe.

Nikashusha kamusi.
Mchwa walikwisha kula A yote, B wameionja tu.
Maana ya kwanza, nikamwambia, ni upepo.
Upepo wa vishindo, usiojua unakokwenda.

Akatazama bati langu.
Nani asiyeujua huku kwetu?
Machi, unazunguka Mwamba kama mtu aliyepoteza ufunguo,
unamwaga vumbi la saruji mpaka mbuzi weusi wanakuwa weupe,
unang'oa mlango wa stesheni,
halafu mvua inakwenda kunyesha Busia.

"Huo naufahamu," akasema. "Endelea."

Ya pili ikanikwama.
Si kwamba Kiswahili kina uhaba.
Majivuno? Lakini majivuno huweza kukaa kimya,
yakavaa suti, yakakataa chai.
Maringo ni ya shingo, mikogo ni ya miguu.
Kujitapa kunakaa jirani mno na kutapika, nikaona haya.
Tambo zina heshima yake:
anayetamba hungoja kujibiwa.
Hili lilikuwa la koo,
koo peke yake.
Nusura niseme debe tupu,
nikakumbuka nasema na aliyembeba,
na tumbo la mtu si debe.

Nilikuwepo Jumamosi ile, ukumbi wa Reli.
Oketcho kapanda juu ya kiti,
begani taulo la hoteli fulani, jina la hoteli bado linasomeka,
na mimi, mzee mzima, nikapiga makofi:

*Ni mimi radi ya Mwamba, napiga pasipo wingu,*
*Bingwa wenu akitamba, atalala chini yangu,*
*Mamaye ataniomba, nimrudishie fungu,*
*Jinja yote itaimba, jina langu, jina langu!*

Raundi ya pili, dakika haijatimia.
Kijana wa Jinja alikuwa mwembamba,
hakutamka neno tangu aliposhuka kwenye basi.
Hata mimi niliyekaa mstari wa mbele
sikumbuki anaitwaje.

"Ni mtu anayepiga kelele za ushujaa," nikasema mwishowe,
"kelele zikizidi ushujaa."

Nyafwono hakukasirika.
Aliuliza kama kitabu kinasema upepo ule unaogopa nini.
Nikatafuta. Hakisemi.

"Alipokuwa na miaka sita," akasema,
"choo chetu kilikuwa ng'ambo ya mihogo.
Usiku alikwenda akipayuka njia nzima,
mimi chui, mimi chui, nani anataka kuliwa!
Majirani walilalamika.
Mimi nilikuwa nalala macho, nikimfuata kwa sikio:
sasa yuko kwenye mihogo, sasa kafika, sasa anarudi."

Akalikunja gazeti, mara moja, mara mbili, mara nne.

"Tangu Jumamosi taya limefungwa waya.
Supu anavuta kwa mrija.
Yuko chumba cha pili, ukutani tu hapo,
na sijui yuko wapi."

Akataka niiandike hiyo nayo, chini ya ile ya pili.
Nikamwambia kitabu ni mali ya Reli.
Uongo; Reli ilikwisha kukisahau zamani.
Noti akaiacha chini ya kikombe, nami sikumkimbilia.

Saa kumi upepo ukaja.
Nilitoka na jiwe langu la kila siku kwenda kukandamiza bati,
nikasimama nalo uani, mikono imejaa,
nikisikiliza unavyopita kwa Nyafwono,
ukigonga kila dirisha,
ukijitaja.